Kilo za Mwaloni

Nyie vijana mtakaosoma haya, mtu akitoka kupasuliwa akafumbua macho, msikimbilie kushukuru. Mtazameni kwanza. Mimi sikusoma sana, lakini kutazama najua.

Binti yangu anauza dagaa Mwaloni, pale Kirumba. Ni mwanamke mnene, na unene wake anaupenda. Siku moja tumbo lilimshika sokoni, wenzake wakamfikisha hospitali amejikunja, hawezi hata kusimama. Wakasema ni kidole tumbo, apasuliwe leo leo. Akapasuliwa.

Walipomrudisha wodini, nesi akasema, "Bibi, ameshaamka huyu."

Nikamwita. Kope zikainuka nusu, zikashuka. Nikamwambia anyanyue kichwa, kichwa hakikutoka kwenye mto. Mdomo ulicheza, sauti haikuja. Pumzi zilikuwa fupi, za juu juu, kama mtu anayepuliza chai.

"Ni usingizi tu, utaisha," akasema nesi.

Sikukubali. Aliyelala hakutazami. Huyu alikuwa ananitazama, na ameogopa.

Hapo nikamgeukia mama mkwe wake. Alikuwa amekuja kutoka ng'ambo ya ziwa, kupitia Kigongo, na chupa ya uji, na kabla ya kupasuliwa ndiye aliyemshika miguu akimwombea kwa kunong'ona. Maombi gani ya kunong'ona? Mwanangu hakuwahi kumpendeza, tangu siku ya posa.

Akamimina uji kwenye kikombe. "Anywe kidogo, mkwe mwenzangu, apate nguvu."

"Anza wewe."

"Kwani mimi ndiye niliyepasuliwa?"

"Kunywa nione."

Akanywa, macho yake kwangu juu ya kikombe. Hata hivyo nilikifunika kwa kiganja. Nikamwambia nesi aniitie huyo aliyemlaza mwanangu usingizi, la sivyo nakaa chini hapo mlangoni na hapiti mtu.

Akaja daktari wa usingizi, kijana.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umempa nini mwanangu?"

Kijana akapita moja kwa moja kitandani. Alimwambia mgonjwa amkamate mkono kwa nguvu. Vidole vikalegea humo humo. Uso wa kijana ukabadilika. Akaagiza hewa ya mtungi, akambandika nyaya mkononi, na kamashine kakawa kanamshtua kidole gumba. Kikaruka, kikaruka kidogo, kisha kikacheza tu.

"Amekunywa chochote?"

"Hajanywa."

"Msimpe. Koo limelegea, kitaingia kwenye mapafu."

Mkwe mwenzangu akaweka kikombe chini taratibu.

Kijana akamchoma dawa nyingine kwenye mshipa, tukasimama kumwangalia kifua. Kikaanza kupanda vizuri. Kichwa kikatoka kwenye mto, kikakaa juu. Akasema, "Mama, nilikuwa nawasikia wote. Hewa ndiyo ilikuwa haivutiki."

Nikamshika daktari hapo hapo, aniambie. Akasema pamoja na dawa ya usingizi kuna dawa ya kulegeza misuli, na hupimwa kwa kilo za mgonjwa. Mafuta ya mwili hayaihitaji. Mtu mnene ukimpigia hesabu kwa kilo zote, inachelewa kumtoka.

"Na kilo alizotutajia, bibi, zilikuwa nyingi."

"Alizotaja? Hamna mzani?"

"Hakuweza kusimama."

"Na macho hamkuwa nayo?"

Akainamisha kichwa. "Tulipaswa kukadiria wenyewe. Tena tulipaswa kumpima kidole kabla hajatoka chumba cha upasuaji."

Nikamgeukia binti yangu. "Kilo hizo ulizitoa wapi?"

"Mzani wa Mwaloni."

Mzani wa magunia. Jioni wakifunga biashara, wanawake hupanda mmoja mmoja, wanataniana. Na soko zima linajua mzani huo umechezewa ili gunia lionekane zito. Yeye mwenyewe akinunua mzigo hugombana na mwenye mzani mpaka povu limtoke. Lakini kilo ambazo mzani huo ulimpa yeye alizikubali zote, maana zilimfanya mkubwa kuliko wenzake.

"Haya, uji wangu una kosa gani?" akauliza mkwe mwenzangu.

"Ungemuua."

"Kwa ubaya?"

"Kwa wema. Ila ukimwombea tena, omba kwa sauti nisikie."

Binti yangu aliporuhusiwa kurudi nyumbani niliwaita wote, wakubwa kwa wadogo, nikawaambia: "Hakuna wa nyumba hii kutaja kilo zake hospitali. Wakupime. Huwezi kusimama, sema hujui. Na mtu akitoka kupasuliwa, hata tone la maji asipewe mpaka daktari aruhusu na mimi nimwone ananyanyua kichwa."