Boriti Zilitolewa Siku ya Tano

Admin, nifiche jina. Ndugu zangu wa ukurasa huu, kwa heshima na taadhima natangaza rasmi kwamba mimi, mwanamume wa miaka hamsini na mbili, mkazi wa Changamwe, hii ni wiki ya pili sijamaliza sahani ya biriani. Mke wangu ameshaniuliza kama nimeoa kwingine. Laiti! Mke wa pili ningejua pa kuanzia kumweleza. Hili siwezi kumweleza mtu.

Mimi ni mpangaji ratiba wa kampuni ndogo ya ujenzi. Nilikuwa karani wa stoo tu, mwaka jana tajiri wangu mwenye kampuni akanunua kompyuta na programu ya ratiba, akanipeleka mafunzo ya siku tatu. Nikarudi na kitambi mbele, kalamu sikioni, najiona injinia. Programu hiyo unaiambia kazi ipi yafuata ipi, watu huanza saa ngapi na hupumzika lini, nayo yakupa tarehe. Kalenda ya mafundi niliiweka vizuri: kuanza saa mbili asubuhi, kumaliza saa kumi na moja, Ijumaa adhuhuri watu waende msikitini, Jumapili hakuna kazi.

Tunajenga nyumba ya ghorofa kule Shika Adabu. Slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, ikishamwagwa, zege hushikiliwa na boriti kwa chini mpaka likomae, na sisi huliachia siku kumi na nne. Nikaona programu yaziruka Jumapili, kana kwamba zege nalo hupumzika. Nikajiona mjanja. Nikaliwekea zege kalenda yake peke yake, saa ishirini na nne, bila mapumziko. Tarehe ya kumaliza jengo ikarudi nyuma karibu wiki mbili! Tajiri akanipiga bega, "Mashallah, kumbe kompyuta ina faida!" Nikachapisha karatasi, ikabandikwa pale saiti.

Nisilolijua ni kwamba kwa programu ile, siku moja ni saa nane za kazi. Siku zangu kumi na nne kwake zilikuwa saa mia moja na kumi na mbili tu, na kwenye kalenda isiyolala saa hizo huisha kabla ya siku tano kutimia. Slabu tulimaliza kuimwaga Alhamisi saa kumi na moja jioni. Karatasi ikasema boriti zitolewe Jumanne, saa tatu asubuhi.

Kosa hilo nililiona Jumatano mchana, niko ofisini Miritini natafuta nafasi ya kuingiza kazi ya mabomba kwenye ratiba. Nikampigia foromani, tumwite Chengo.

"Chengo, boriti zipo?"

"Tulizitoa jana, mzee. Zote, kama karatasi."

"Watu wako wapi sasa hivi?"

"Wako chini ya slabu wanakula. Leo kuna kivuli kizuri."

"Watoe!"

"Kwani kuna nyoka, mzee?"

"Watoe Chengo, wallahi watoe wote, waache hata sahani!"

Nikadandia bodaboda, tukashika barabara ya Dongo Kundu. Njia nzima nawahesabu. Mafundi na vibarua kumi na mmoja. Mama anayewauzia chakula, wa kumi na mbili. Na mwanawe mgongoni. Nilipofika nikawakuta wote wamesimama nje, wazima, wananicheka. "Mzee, kompyuta imekwambia kuna tetemeko?"

Slabu ilikuwa bado juu. Nilipanda nikikanyaga kama naingia chumba cha mtoto aliyelala. Chengo akavuta uzi kutoka ukingo hadi ukingo, na pale katikati kidole changu kikapita chini ya uzi. Imeshuka. Kwa chini kuna ufa, mwembamba kama unywele. Tukarudisha boriti zote siku ile ile. Chengo akanivuta kando akasema, "Mimi nilitii karatasi, mzee. Wa kumwambia tajiri ni wewe." Nikamwambia asubiri kidogo.

Anasubiri mpaka leo. Jumatatu ijayo slabu hiyo inaanza kubebeshwa kuta za juu. Nikisema, injinia ataipima, huenda ikavunjwa, na mimi nitafukuzwa na kitambi changu. Nisiposema, kuna watu watahamia pale na wana wao, walale chini yake miaka. Lori likipita hapa kwetu Changamwe madirisha yakatetemeka, naruka kitini.

Ndugu zangu, nishike njia gani? Hata wa kunitukana nampokea. Lakini sitaki mnishauri kwa hadithi nusu, kwa hivyo nimalize.

Nimeandika kana kwamba nilijua Jumatano. Si kweli yote. Jumanne, kabla ya saa tatu, Chengo alinipigia. Alisema, "Mzee, karatasi yasema tutoe boriti leo. Mimi naona zege hili bado, ni siku ya tano tu. Hebu niangalilie tena."

Kompyuta ilikuwa imewaka mbele yangu. Nikacheka. Nikamwambia, "Wewe Chengo, zege umelisomea wapi? Fuata karatasi."

Akasema, "Haya, mzee."

Sikuangalia.