Suti Isiyo na Mifuko

Mimi sikai mahali pamoja. Nimeishi Mtwara, nimeishi Mbeya, na kila nikirudi Temeke kitu cha kwanza ninachokitafuta ni sauti ya jirani yetu mwimbaji. Zamani ilitoka kwenye redio ya kinyozi, ya muuza chipsi, ya kila baa. Akipita mtaani, watu wazima waliacha bao katikati wamtazame.

Kisha akaanguka jukwaani, akaumia mgongo. Hospitali walimpa vidonge vya maumivu vya muda mfupi. Maumivu yakaisha, vidonge havikuisha.

Waliomletea ni mashabiki wake. Huku kwetu mwimbaji akikukuna unainuka, unamsogelea ukicheza, unamtunza: noti kwenye paji la uso au mfukoni. Ilipojulikana kwamba mgongo unamtesa, wakaanza kumtunza vidonge. Mwenye ndugu kwenye duka la dawa alikunja pakiti ndani ya noti, akamchomekea. Hakuna aliyedhani anafanya ubaya. Walimpenda. Akawa anasinzia katikati ya wimbo, mpaka bendi ikamwacha.

Mwaka huu nilimkuta barazani, amekonda lakini macho yamechangamka. Mkewe alikuwa amempeleka kliniki, daktari akampunguzia dozi kidogo kidogo hadi ikaisha.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, msafiri. Umekuja kutuchungulia tu?" Akacheka. "Jumamosi mpwa wangu anaoa, Chamazi. Wanataka niimbe."

Mkewe hakuinua kichwa kwenye cherehani. "Kuimba ataimba, shem. Mie naogopa mifuko."

Nilimwelewa. Pakiti moja tu ingetosha kumrudisha kule alikotoka.

Jumamosi alisimama chini ya turubai kwa suti ya kijivu. Ubeti wa kwanza sauti ilikwaruza. Wa pili ikafunguka, ileile ya redio ya kinyozi, na watu wakainuka. Noti zilibandikwa pajini, zikadondoka, mkewe akaziokota kwa kapu.

Akaja bwana mmoja mnene, shabiki wa siku nyingi, anacheza huku ameshika noti iliyokunjwa. Niliona ncha ya pakiti ikimetameta ndani yake. Akatafuta mfuko wa koti, vidole vikateleza. Upande wa pili, vilevile. Akajaribu suruali, kina mama wakaangua kicheko.

"Braza, hii suti kakushonea nani? Mbona haina mifuko!" yule bwana akauliza.

"Fundi wangu nalala naye," mwimbaji akajibu kwenye maiki. "Kaiziba yote. Vidonge nimeacha, ndugu yangu. Ukitaka kunitunza, niitikie."

Vigelegele vikapasua turubai. Yule bwana akachomoa pakiti, akaitia mfukoni mwake mwenyewe, akambandika noti tupu pajini, akaitikia kwa sauti mbovu kuliko zote pale.

Siku chache baadaye nilipita kuaga, begi begani. Mkewe alikuwa ameipakata ile suti, anafumua uzi kwa wembe. Mfuko mmoja tu, ule mdogo wa kifuani.

"Wa leso," akasema. "Kaalikwa Buguruni, na akiimba anatoka jasho huyo!"

"Na mingine?"

"Mingine haina haraka, shem."

Ndani mumewe alikuwa akifanya mazoezi, anarudia ubeti uleule. Nikaweka begi chini.