Barafu ya Eino

Saa mbili asubuhi, nje bado giza, Irja Pokela anapiga goti katikati ya uwanja wa barafu wa mji wetu. Anavua glavu, anakandamiza barafu kwa ukucha wa kidole gumba, anainama kutazama alama. Anasonya.

"Bado ngumu," anasema. "Hii ni ya watu wa hoki."

Mama huyu wa miaka sitini ni fundi wa barafu hapa, mwaka wa thelathini na moja sasa. Bado saa mbili tu mashindano ya taifa ya kuteleza kwa mitindo yaanze, na kipimajoto kinasoma nyuzi tano na nusu chini ya sifuri. Yeye anataka tatu na nusu.

Mji huu ni wa hoki ya barafuni, na hoki hutaka barafu ngumu. Wanaoruka na kuzunguka hutaka iliyolegea kidogo, makali ya vyuma vya viatu yashike. Kuilegeza huchukua muda mrefu, na jana timu ya hoki iling'ang'ania mazoezi yake mpaka jioni.

Kocha wao, Kauko, anapita na kikombe cha kahawa.

"Irja, unatupikia uji?"

"Nawapikia wageni. Nyie mtapata yenu Jumatatu."

"Vijana wangu watazama humo!"

"Si wajifunze kuogelea? Hebu toka, unanipumulia barafu."

Anacheka, lakini mikono yake haitulii. Anapanda gari la kusawazishia barafu na kuzunguka polepole, akiacha nyuma tabaka jembamba la maji ya moto. Anashuka, anapima. Anapanda tena.

Mashindano haya yana zaidi ya miaka mia moja. Ya mwanzo yalifanyika juu ya maziwa, watu wakifagia theluji kwanza. Kabla ya leo sisi tuliyapata mara moja tu, mwaka 1984, na fundi alikuwa baba yake Irja, marehemu Eino. Mzee alizoea hoki. Aliiacha barafu kama alivyoiacha kila Jumamosi, inang'aa, mwenyewe akaiona nzuri. Wakaanguka wachezaji kumi na mmoja. Gazeti likaiita sakafu ya saruji, na kwa miaka arobaini mashindano hayakurudi.

"Baba hakuwa msemaji," anasimulia Irja. "Lakini tangu siku ile hakutazama tena watoto wakiteleza. Anaegesha gari la barafu, anakwenda nyumbani. Iliniuma, na inaniuma mpaka leo."

Saa nne kasoro dakika tano, kipimajoto kinasoma tatu na nusu.

Msichana wa kwanza anaingia, anaruka, anatua. Watu wanapiga makofi. Irja hamwangalii hata kidogo. Anatazama tundu lililoachwa na meno ya mbele ya kiatu: dogo, safi, pembeni hakuna ufa.

Mpaka mchana wamepita kumi na wawili na ameanguka mmoja. "Huyo kosa lake mwenyewe," Irja anawahi kusema kabla sijauliza.

Wakati wa mapumziko anazunguka na ndoo ya theluji yenye maji, akiziba matundu. Mwamuzi mmoja, Helvi Sarkola, anamfuata. Mji mzima unamkumbuka: mwaka 1984, akiwa na miaka kumi na saba, alianguka mara tatu hapa hapa. Helvi anavua glavu, naye anakandamiza kwa ukucha.

"Inashika," anasema. "Ningekuwa na magoti yangu ya zamani, ningeruka."

"Helvi, kuhusu mwaka ule. Baba yangu…"

"Mwaka ule nilikuwa naanguka kila mahali, Irja. Hapa nilipata pa kusingizia tu."

Irja anaiweka ndoo chini na kukaa kwenye ukingo wa uwanja. Anacheka mpaka anafuta machozi kwa mkono wa koti.

Baadaye, tukinywa kahawa kwa mkate wa iliki, namuuliza anapanga nini mashindano yakiisha. Anasema Jumatatu atairudisha barafu kwa Kauko, asije akalia. Kisha ni Krismasi, na kama kila mwaka atapeleka mshumaa kaburini kwa baba yake.

"Miaka yote nauwasha, nasimama, narudi nyumbani," anasema. "Safari hii nitakaa kidogo. Nina la kumwambia."