Mbwa Aliyelia Mlangoni kwa Babu

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane hivi, enzi za Mwingereza, kijijini kwetu Muleba hapakuwa na mtu aliyesikia mbwa akilia mlangoni akaendelea na kazi zake. Mbwa akilala kizingitini na kulia, pua ameielekeza ndani, wakubwa walisema anamwita mwenye nyumba kaburini. Bibi yangu hakukosa ibada hata Jumapili moja, lakini jambo hilo aliliamini sawasawa na Amri Kumi.

Basi mtoto wa mbwa wetu, hajatimiza hata miezi mitatu, akaanza kulia mlangoni. Alilia asubuhi, akalia mchana, siku ya pili akasusa na chakula. Nasi siku hizo tulikuwa na Babu anayekohoa. Bibi alikuwa amechoka, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Kokugonza, mchukue huyu ukamwache rweya."

Rweya ni mbuga ya nyasi iliyo nje ya migomba yetu, asikokaa mtu. Mtoto wa mbwa akiachwa huko huwa ni chakula cha fisi.

"Bibi, pengine anaumwa," nikasema.

"Kama anaumwa akaugulie hukohuko. Mume niliye naye ni huyu mmoja."

Nikambeba huku nalia. Njiani niligusa mguu wake wa mbele, akaurudisha haraka na kunung'unika. Nikaketi chini ya mti wa kahawa, nikamtazama vizuri. Vidole vilikuwa vimevimba, naye alikuwa ameviramba mahali palepale mpaka manyoya yameisha. Nikavipanua, nikakuta tekenya wamejaa. Sisi watoto tuliwajua sana, maana sakafu yetu ilikuwa ya udongo uliotandikwa nyasi, na wao walizaliana katika vumbi la chini yake. Kumbe alikuwa akilala kizingitini kwa sababu hawezi kutembea.

Niliwatoa mmoja mmoja kwa pini niliyofungia gauni langu. Aliniuma mara moja, si sana. Nikarudi naye nyumbani, nikampaka mafuta ya taa. Bibi alikitazama kile kidonda, akaguna, akamwacha. Baada ya siku chache mbwa alikuwa akifukuza kuku, na mimi nikajiona mganga.

Babu alikufa kabla kahawa haijavunwa.

Matangani majirani walisema mbwa alikwishatuambia. Bibi yeye aliniambia mara moja tu, tena bila ukali: "Ungemwacha rweya." Neno hilo nimelibeba mpaka nimezeeka nalo, na kusema kweli limenichosha.

Sasa mimi mwenyewe nina wajukuu, na majuma yale huwa yananirudia. Babu alikuwa akiacha nusu ya ndizi zake sahanini. Alikaa ameinamia upande mmoja, na akikohoa alijibana ubavu, kisha akasema hajambo. Tulimsifu kwamba ni mwanamume mvumilivu. Mimi niliyeweza kuusoma mguu wa mbwa niliichukua sahani ile kila jioni, nikaenda kuiosha. Hakuna aliyemuuliza anaumwa wapi. Sote tulikuwa tukimsikiliza mbwa.