Nesi Aliacha Nafasi Wazi, Kompyuta Ikajaza Uongo

Saa mbili asubuhi, Igogo jijini Mwanza, Ng'washi Luhende anaisimamisha programu katikati ya kazi, kama mama anayefunua sufuria kuona kama wali umeiva.

Chombo anachotumia huitwa dibaga. Humwonyesha mwandishi wa programu kilichomo ndani ya programu nyingine. Ng'washi, 29, ndiye anayekitunza katika kampuni ndogo inayotengeneza mfumo wa kliniki za wajawazito.

Leo ana hasira, na ana kila sababu.

Miezi miwili iliyopita mkuu wake, Venant, aliona neno “null” linachafua skrini mbele ya wageni. Neno hilo huonyesha kwamba hakuna kitu kabisa. Akaagiza dibaga ionyeshe nafasi nyeupe tu. Loo, usafi gani huo! Nafasi nyeupe ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa ikionyesha kwamba mama amepimwa, hana malaria.

Mfumo wenyewe ulikuwa na kosa: asiyepimwa ulimhesabu kuwa mzima. Dibaga ikalifunika.

“Nililitazama siku kumi na moja nisilione,” anasema Ng'washi. “Chombo changu mwenyewe kilinidanganya.”

Ng'ambo ya ghuba, kwenye kliniki ya Sengerema inayotumia mfumo huo, vipimo vya malaria viliisha. Akina mama 43 hawakupimwa. Mmoja wao, Selina Masele, mjamzito wa miezi saba, alirudishwa nyumbani na homa yake bila dawa, kwa kuwa kompyuta ilionyesha hana malaria. Siku ya tatu akazimia shambani. Yeye na mtoto walinusurika kwa kudra za Mungu.

Na lawama ikaangukia wapi? Kwa mnyonge, kama kawaida. Nesi wa kliniki hiyo, Dorcas Otuoma, aliyeacha nafasi wazi kama alivyofundishwa, ameitwa mbele ya kamati ya nidhamu Ijumaa hii. Anaweza kupoteza kazi aliyoifanya miaka kumi na sita.

“Nilisema sijapima,” Dorcas anasema kwa simu. “Ningeandika nini tena, mwanangu?”

Ng'washi ameshairekebisha dibaga. Sasa inaandika “hakuna kipimo” kwa herufi nyekundu. Venant hakufurahi.

“Dada, mambo ya ofisi yabaki ofisini,” alimwambia. “Ukienda kwenye kamati hiyo, usirudi hapa.”

Ijumaa Ng'washi atavuka kwa kivuko cha kwanza, kompyuta begani, akaionyeshe kamati skrini zote mbili, ya zamani na mpya.

“Kazi nitatafuta nyingine,” anasema. “Dorcas alisema kweli. Uongo tuliuandika sisi, na nitawaambia hivyo mbele yake.”