Jua na Mguu wa Zena

Nilipokuwa mtoto kijijini Vihingo, enzi za Mwingereza, dada yangu Zena alivunja ungo akawekwa ndani, kama wasichana wote wa Kizaramo. Mwali haonwi na jua mpaka siku ya kutolewa. Likimwona, hazai. Bibi ndiye aliyetuambia, na neno la Bibi halikuwa na rufaa.

Mwezi wa tano humo ndani miguu ya Zena ikavimba, macho yakawa meupe pe. Mama alilia kwa kujificha, kisha akalia waziwazi mbele ya Bibi.

"Mama, hii ni safura. Tumpeleke zahanati, atatufia humu ndani."

Bibi alitafuna tambuu. "Tutakwenda. Lakini jua halitamwona."

Basi mkeka ukafungwa kwenye fito nne. Mama alimbeba Zena mgongoni, kaniki gubigubi, nasi tukawatandia mkeka juu: Bibi, shangazi wawili, na mimi kwenye ufito wa nyuma. Bibi aliimba ili wanaume wapishe njia. Nilijiona mtu mkubwa, nikavimba kichwa, mpaka nilipokanyaga siafu. Ufito ukaniponyoka, kaniki ikafunuka, na jua likamulika mguu wa Zena. Niliuinua ufito upesi. Shangazi walikuwa wakitazama mbele. Bibi alizidisha sauti.

Nesi alimwamkia Bibi shikamoo kwanza, wala hakuucheka mkeka wetu. Alitoa dawa ya minyoo na ya kuongeza damu, akasema, "Mrudisheni, na mkeka wenu huo huo." Zena akapona, akatolewa kwa ngoma, akaolewa kijiji cha Kurui.

Mwaka wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Mimi peke yangu nilijua kwa nini, na siri ile ilinikondesha. Wa tatu akajifungua binti mnene. Nilikimbia kwa Bibi nikaungama huku nalia.

"Mguu ule?" alicheka. "Niliuona, mke mwenzangu."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, shangazi zako wangegeuza njia."

Leo wajukuu wa Zena huenda kliniki na matumbo yao, juani, wakipiga soga, nami nafurahi kuwaona. Watu hudhani Bibi hakuliamini lile jua. Aliliamini mpaka anaingia kaburini. Siku ile aliliona likimgusa mjukuu wake, akaogopa kuliko mimi, akaendelea kuimba.