Dobi Aliyeombewa Mimba Asiyoweza Kuibeba

Makaa yamekolea. Mama Pasi analowesha ncha ya kidole kwa mate, anagusa kitako cha pasi, inalia chwii, naye anaguna. Bado kidogo.

"Ukiwa na haraka nguo inabaki na makunyanzi. Ukizubaa, umeshanunua shati la watu," anasema bila kuinua macho.

Chumba chake cha kazi kiko pembeni mwa nyumba. Kina dirisha moja na meza iliyotandikwa blanketi kuukuu. Jina hilo la Mama Pasi alipewa na watu wa mtaa, na siku hizi hata wanawe wanne hulitumia wakitaka kumtania. Anapiga pasi amesimama, uzito wote ameutupia mguu wa kulia. Kila baada ya nguo mbili tatu anasita, anashika chini ya kitovu, kisha anaendelea. Hapo ndipo alipopasuliwa, mara mbili, mahali pale pale.

Nyuma ya mlango yananing'inia majoho meupe ya kwaya, yamepangwa kwa urefu wa wenyewe. Kanisa lake limemzuia kushiriki Meza ya Bwana na kumhamishia benchi la nyuma, lakini majoho halijampelekea dobi mwingine.

"Nani mwingine anayaweza marinda haya?" anauliza, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka. "Dhambi zangu hazishiki kwenye kitambaa."

Kicheko hakidumu. Anapuliza majivu, anavuta joho jingine.

Watoto wake wawili wa kwanza walizaliwa bila shida. Wa tatu alikwama, mama akapelekwa kupasuliwa. Kwa wa nne, mji wa mimba ulianza kuchanika kabla hajafikishwa chumba cha upasuaji. Mtoto alitoka mzima. Mama alitoka na roho mkononi.

Mumewe, fundi mwashi, alikuwa kando ya kitanda daktari alipokuja. Wote wawili wanayakumbuka maneno yale.

"Mama huyu asibebe mimba tena," daktari alisema. "Hapa palipochanika pakiachia mara ya pili, sina cha kuwaahidi."

Mwashi alilia mbele ya manesi, mwanamume mzima, kofia ameikunjakunja mkononi. Kesho yake akaenda kwa mchungaji. Wakati huo alikuwa mzee wa kanisa, na hakuwa mtu wa kukata shauri la nyumbani kwake bila kwanza kuuliza madhabahuni.

Jibu alilorudi nalo lilikuwa fupi. Katika kanisa lao, kuzuia mimba kwa sindano, vidonge au kijiti ni kumfungia Mungu mlango wa kazi yake. Waliruhusiwa kujizuia siku za hatari na kumwachia Bwana zilizobaki.

"Tukahesabu siku kama wafungwa," anasema Mama Pasi. "Mume wangu alijitahidi, sitamsingizia. Lakini mwili wangu tangu zamani haufuati kalenda."

Kabla mwaka haujaisha alishika mimba. Ilipofika mwezi wa tatu alianza kutokwa damu akiwa pale pale mezani, shati la karani mmoja likiwa nusu limenyooka. Mimba ikatoka. Hospitali wakamwongezea damu, akarudi nyumbani amekuwa mwepesi kama kanga iliyokauka kambani.

Hapo ndipo mke na mume, waliokuwa wakisali pamoja kila jioni, walipoanza kuachana njia bila kuambizana. Mwashi aliona mkono wa Mungu: mbona mkewe amepona? Basi Bwana atamlinda siku zote, na siku moja atawapa mtoto wa tano bila machozi. Mama Pasi naye aliona mkono huo huo, ila yeye aliusoma vingine.

"Mimi niliona nimeonywa," anasema. "Mtu akikuvuta ukosi usianguke shimoni, hakuvuti ili urudi ukarukie."

Mke wa jirani, anayeswali msikiti wa mtaa wa pili, alimsimulia kwamba imamu wao alimruhusu yeye na mumewe kutumia njia za uzazi wa mpango baada ya yeye kuugua moyo. Mama Pasi alirudi nyumbani kichwa kinamwuma.

"Nilijiuliza, Mungu si ni mmoja? Mbona mwenzangu kajibiwa vile na mimi hivi?"

Hakumwuliza mtu. Alipiga moyo konde. Siku ya kupeleka sare za manesi hospitalini, alikabidhi furushi, akaingia mlango wa kliniki ya akina mama, akachomwa sindano ya miezi mitatu. Ilipokwisha nguvu akaenda tena. Akaendelea hivyo kwa miaka mitatu, furushi kichwani, siri moyoni.

Nyumbani, mwashi alisubiri. Alipoona kimya kinazidi, alisimama kanisani akaomba waumini wamsaidie kumlilia Mungu afungue tumbo la mkewe. Tangu siku hiyo, kila mwezi, Mama Pasi aliitwa mbele. Akapiga magoti. Wanawake wakamzunguka na kumwekea mikono.

"Wanaomba kwa machozi, na mimi naitikia amina," anasimulia. "Huku kimoyomoyo naomba wasisikilizwe. Fikiria hilo. Nimepiga magoti mbele za Mungu, namwomba asiwasikie wenzangu."

Anaweka pasi chini kwenye kibati chake.

Aliyemvunja nguvu hakuwa mchungaji wala mumewe. Alikuwa bibi mmoja mjane, mlezi wa kikundi cha maombi, aliyekuwa akifunga chakula kwa ajili yake. Katika ibada moja, bibi huyo alianguka kati ya mabenchi kwa udhaifu. Mchana Mama Pasi alimpelekea uji. Alimkuta amelala chali, midomo imekauka, na neno la kwanza alilosikia lilikuwa: "Usijali, mwanangu. Safari hii tutapata."

Mama Pasi alipiga magoti kando ya kitanda, akasema yote.

Bibi hakupandisha sauti. Uji ukapoa bila kuguswa. "Mimi nimezaa tisa," akasema mwishowe, "nikazika wanne. Hakuna aliyeniuliza kama naweza." Kisha akageukia ukutani. "Nitaacha kufunga. Lakini mumeo mwambie wewe. Asije akayasikia nje."

Akamwambia jioni hiyo hiyo, watoto wakiwa uani.

"Nilitegemea atafoka. Bora angefoka," anasema. "Aliuliza tu, 'Tangu lini?' Nikamjibu. Akasimama, akachukua shuka, akaenda kulitandika kwenye kochi. Mpaka leo analala pale."

Mwashi hakuweza kukaa na jambo lile huku akiwa mzee wa kanisa. Alilipeleka mwenyewe kwenye baraza. Baraza likaamua mkewe asimamishwe Meza ya Bwana mpaka aache sindano na kutubu. Naye mwashi wakamvua uzee wa kanisa, kwa hoja kwamba aliyeshindwa kusimamia nyumba yake hawezi kusimamia ya Mungu.

Mchungaji, mzungumzaji mpole anayempokea mgeni kwa mikono miwili, anakataa kuitwa katili.

"Mlango haujafungwa," anasema. "Namwombea yule mama kila asubuhi, kwa kumtaja. Aache, arudi. Sisi hatukuyatunga mafundisho haya, tumeyapokea."

Na daktari aliyesema mimba nyingine itamwua? Mchungaji anapangusa miwani yake kwa muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji.

"Daktari anasema anachokiona," anajibu. "Mimi nasema ninachokiamini. Sikuambii kwamba nalala vizuri."

Mwashi anapatikana kwenye jengo la ghorofa moja, akipanga matofali. Mwanzoni hataki kuzungumza. Anabandika udongo, anagonga tofali, anapima kwa timazi. Halafu maneno yanamtoka yote kwa pamoja.

"Watu wanadhani namchukia. Mimi nampenda yule mwanamke mpaka naumwa. Akishika mimba, siku hizi naogopa nitamzika. Akiendelea na sindano, nimefundishwa tangu mtoto kwamba nitampoteza milele. Wewe mwandishi uliyesoma, ungenichagulia kaburi lipi?"

Hangoji jibu. Anainama kuchota udongo.

Nyumbani kwao hakuna ugomvi, na hilo ndilo linalowachosha. Watu wanasalimiana, wanapitishiana chumvi, wanaulizana habari za ada. Binti mkubwa ndiye anayebeba maneno kutoka kwa baba kwenda kwa mama, kana kwamba mmoja wao yuko safarini. Baadhi ya wateja wamehama. Waliobaki humlipa vilevile, ila hawakai tena kupiga soga kwenye kigoda.

Mama Pasi hajaacha kusali. Kila ibada anakaa benchi lake la nyuma, na mkate unapogawiwa anainamisha kichwa, sahani inampita.

"Hapo ndipo panapouma," anasema. "Kupasuliwa walinipa dawa ya ganzi. Pale sina."

Sasa amefikia uamuzi. Nesi wa kliniki amemweleza kuhusu kufunga kizazi: upasuaji mdogo, mara moja, basi. Ameshapewa tarehe. Anaweza kwenda peke yake kama alivyozoea, lakini hataki.

"Miaka mitatu nimekwenda kwa kunyatia kama mwizi. Hii nataka niende mchana kweupe, na mume wangu akijua. Akija tukaongozana, nitashukuru. Asipokuja, walau aniage."

Alikwisha kumwambia. Mwashi alisikiliza, akanywa maji, akatoka nje.

Jua linapopungua makali, mwashi anarudi kutoka kazini, miguu imejaa saruji. Anamsalimu mgeni, anasimama mlangoni mwa chumba cha pasi, mahali ambapo kwa maelezo ya mkewe hajasimama tangu walipotengana vitanda. Anatazama makaa, si mtu.

"Ile siku yako," anasema, "sisi tunamwaga zege."

"Najua," anajibu Mama Pasi. Pasi inaendelea kutembea juu ya kola.

Mwashi anakwangua saruji iliyoganda kwenye kiganja. Anageuka kana kwamba anaondoka, halafu anabaki pale pale.

"Na watoto, siku hiyo, watakula kwa nani?"

"Nitawapikia asubuhi kabla sijatoka."

Mwashi anafikiri. "Hao watu wa hospitali si husema mtu aende na njaa?"

"Ndiyo. Nisile kitu."

"Basi usisimame jikoni na njaa. Watoto nitawapikia mimi," mwashi anasema, na kuingia ndani kunawa.